Nani Anagusa Breki

Breki za nyuma za lori la kijiji zilikuwa zinakazwa, na Karugendo, dereva wake, hakuwa yeye anayezikaza.

Lori lilikuwa jipya. Lilifika Muleba mwaka sabini na tano, mali ya kijiji cha ujamaa, kubeba kahawa hadi Bukoba. Kamati iliweka madereva wawili: Karugendo siku tatu za mwanzo wa wiki, Lameki siku tatu za mwisho. Karugendo alikuwa ameendesha miaka mingi gari kuukuu la mfanyabiashara mmoja wa Kanazi, na gari lile lilimfundisha kwamba breki ni kazi ya mikono. Unalala chini, unatia spana kwenye bolti ya kile kikono cha chuma kilicho nyuma ya gurudumu, unakaza mpaka igome, kisha unairudisha kidogo ili gurudumu lisiungue. Usipofanya hivyo, utamwita Bikira Maria mteremkoni.

Basi Jumatatu aliirudisha kidogo kama alivyozoea, akaenda Bukoba, akarudi. Jumanne akakuta imekazwa. Akairudisha, ikagoma, ikalia kama meno yanayosagana. Jumatano imekazwa tena. Lori lililala uani kwa mwenyekiti, na jirani wa ua ule alikuwa Lameki.

Akamfuata pale watu walipokuwa wakipanga magunia.

"Lameki, ukitaka kukaza breki, kaza siku zako."

"Sijagusa, waitu. Hata spana unayo wewe."

"Basi zinakazwa na malaika?"

"Sisi Walutheri hatuwajui hao. Ninyi Wakatoliki ndio mnaojuana nao."

Watu walicheka. Kicheko kile Karugendo alikwenda nacho nyumbani, akakosa hata hamu ya ndizi. Kesho yake alichukua rangi nyeupe iliyobaki kwenye madirisha ya shule, akapiga mstari kutoka kwenye bolti hadi kwenye kikono. Jumatatu iliyofuata mstari ulikuwa umekatika: nusu iliyo kwenye bolti ilitazama huku, iliyo kwenye kikono kule.

Kamati nzima ilikuja kuona. Mmoja mmoja walitambaa chini ya lori wakatoka na tope mgongoni, na hakuna aliyejua alichokiona ila kwamba mistari haikukutana. Mwenyekiti Aristides alisema lori ni mali ya umma, na mwenye kulichezea anafanya hujuma. Lameki aliapa. Wakamvua udereva wakampa jembe la shamba la pamoja. Wiki haikuisha, akamchukua mkewe Kokwijuka na watoto, akahamia Biharamulo.

Karugendo alipiga mstari mpya. Siku mbili baadaye ulikatika.

Alikaa chini ya lori mpaka mkewe Immakulata akaja kumwita mara mbili. Lameki yuko Biharamulo. Spana iko mfukoni. Uani amelala yeye mwenyewe. Sasa nani? Kwenda kwa kamati ni kusema amemfukuza mtu bure, na neno hilo lilikataa kutoka. Akaona afadhali ainyime bolti njia. Akaleta waya, akazifunga bolti zote za nyuma zisigeuke, akaikaza waya kwa koleo.

Mistari ikatulia. Kwa wiki kadhaa Karugendo alilala vizuri. Aliona tu kwamba pedali inataka kukanyagwa zaidi, akasema ni mvua.

Pale Kanazi, lori likiwa limejaa, alikanyaga mteremkoni, akasikia upepo wa breki ukilia, na lori likaendelea kwenda. Akalipindisha kwenye kibanja cha mjane Kokushubila, akavunjika mguu.

Damian, fundi aliyetoka Bukoba, alipoingia chini alitoka na kipande cha waya.

"Nani amefunga hii?"

"Mimi. Ilikuwa inakazwa na mtu."

"Hakuna mtu, mzee. Hizi za kisasa zinajikaza zenyewe. Breki ikilika, ukikanyaga, bolti inajizungusha kufidia. Wewe umeizuia, nayo breki ikaendelea kulika."

"Yenyewe? Nani anaiambia imelika?"

Damian alifuta mikono. Alisema imetengenezwa hivyo, zaidi ya hapo naye hajui. Karugendo, amelala kwenye machela, aliuliza tena, na tena njia nzima hadi hospitali, kana kwamba jibu lingekuwa jingine.

Magunia arobaini na moja ya kahawa yalimwagika kwenye tope. Yaliokolewa kumi na tisa. Migomba ya Kokushubila iliyoanguka, ishirini na mitatu. Jiko lake likabomoka, na mbuzi wawili waliokuwa ndani wakafa. Mguu wa kulia wa Karugendo uliungwa, ukabaki mfupi. Lori lilikosa msimu mzima, na kijiji kilibeba kahawa kichwani. Kamati ilimtuma mtu Biharamulo kumwambia Lameki arudi kwenye usukani. Lameki alisema ameshapanda migomba huko, harudi.