Inazima Bwana Mohdhar Akiingia

Mukhtar, fundi wa kompyuta, alikuwa na ulimi mrefu kuliko waya zake zote, lakini alasiri ile nyumbani kwa Bi Alawiya, mtaa wa Langoni, ulimi haukumsaidia. Alikuwa akitengeneza mashine asiyoruhusiwa kuitazama.

Bi Alawiya hupiga video za harusi upande wa wanawake, na yaliyomo humo si ya macho ya mwanamume wa kando. Kwa hiyo skrini ilifunikwa leso, mlango ukaachwa wazi kwa heshima, na fundi akabaki na masikio tu, kama tabibu anayempima mgonjwa nyuma ya pazia.

Kesho yake ilikuwa hitma ya arobaini ya mumewe, Bwana Mohdhar, na binti yao Amal alikuwa njiani kutoka Mombasa. Mwaka jana, siku ya harusi ya Amal, marehemu alisimama mlangoni mwa ukumbi wa wanawake akasema maneno. Wote waliamini kwamba alimwombea bintiye dua, ila hakuna aliyeyasikia. Ngoma na vigelegele viliyameza. Rekodi nyingine ya sauti yake hakuiacha popote. Bi Alawiya alikuwa na programu ya kuchuja kelele na kung'arisha picha, lakini kila ikifika asilimia sitini na moja, kompyuta inazima ghafla na kujiwasha upya.

"Sitini na moja ndipo aingiapo mlangoni," alisema. "Mara tisa, mwanangu."

"Labda aona haya, Bi. Wanawake wengi."

Bi Alawiya hakucheka.

Mukhtar akabadilisha waya wa umeme. Ikazima. Akafunga pawasaplai mpya, akatoa vibao vya memori, akavipangusa, akavirudisha. Feni ikanguruma, ikapanda, ikahema kama mtu anayepanda ngazi mbio, halafu kimya. Mwanga ukafa chini ya leso. Mlango wazi ulikuwa nyuma yake, na shingo ilikataa kugeuka.

Ndipo alipoinusa mashine. Ilinuka msiba.

Alipoifungua ubavu, feni ilikuwa nyeusi, imegandwa na masizi ya kunata, na krimu ya kupoza prosesa imekauka kama ukoko wa wali. Akachungulia chini ya meza: chetezo kinafuka taratibu. Bi Alawiya akakiri kwamba tangu msiba alikuwa akifukiza ubani hapo, na ilipozima mara ya kwanza akashuku shetani, akazidisha. Ikizima tena, huongeza.

"Bi Alawiya, shetani mwenyewe ashakimbia kwa kukohoa. Mashine yavuta moshi huu, yashikwa na joto, yajizima isiungue."

"Na mbona palepale?"

Akamweleza kwamba mlangoni palikuwa na giza, na programu hutoka jasho zaidi kwenye picha ya giza. Akayarudia maelezo mara ya pili. Safari hii alikuwa akiieleza nafsi yake.

Chetezo kikapelekwa uani. Mukhtar akasugua kwa brashi na spiriti, akapaka krimu mpya, akawasha. Bi Alawiya aliinua pembe ya leso na kusoma tarakimu. Hamsini na tisa. Sitini. Sitini na moja. Feni haikupandisha pumzi. Sitini na mbili.

Ilipomaliza kuchuja, Bi Alawiya akaicheza ile video. Ngoma zilikuwa mbali sasa, kama zinapigwa kisiwa kingine. Sauti ya mwanamume ikatoka chini ya leso, karibu mno.

"Zima hiyo, Alawiya. Niangalie kwa mato yako, si kwa kamera."

Pakapita kimya, kama cha mtu anayesubiri. Kisha dua ya Amal, fupi, na amina yake.

Siku ile Bi Alawiya hakuzima. Alidhani ni dua tangu mwanzo, akamtazama mumewe ndani ya kamera hadi alipogeuka akaenda zake.

Sasa Bi Alawiya akaikata dua, akaiweka kwenye flashi kwa ajili ya Amal. Maneno ya mwanzo hakumwekea mtu. Mukhtar akanyoosha mkono aizime kompyuta, lakini Bi Alawiya akauzuia.

"Ndimi niliyeambiwa."

Akabonyeza mwenyewe. "Haya, Bwana. Nimezima."

Feni ikazunguka ikipungua, ikasimama. Na wote wawili, bila kuambizana, wakageuka kuutazama mlango.