Mji Uliotolewa Bila Jibu

Dada yangu masikio yamemwisha. Simu hasikii hata ukipiga kelele za kuamsha mtaa, na yeye anaishi mbali. Hapo ndipo vitendawili vyetu vilipokufa. Tumetegana tangu tukilala kitanda kimoja. Kuukosa mchezo ule kwangu ni kama kung'olewa meno.

Mjukuu wangu, anayesomea kompyuta, akaniambia, "Bibi, vitendawili vyako nitavitengenezea tovuti. Bibi mkubwa atavisoma kwenye simu yake."

"Na akishindwa?"

"Anabonyeza 'Nakupa mji', jibu linatokea."

"Lakini majibu yangu usimwonyeshe mtu! Kitendawili kilichojulikana jibu ni chai ya jana."

"Nimesikia, malkia."

Ikakamilika, ikafanya kazi vizuri pale mezani kwetu. Ila dada hafikii meza yetu, kwa hiyo ilibidi ipelekwe kwa kampuni inayokodisha nafasi kwenye mitambo yake, ile wanayoiita wingu. Mjukuu akaandika amri, maandishi yakaporomoka kwenye kioo. Aliye juu mngoje chini. Nikavuta kiti, nikangoja.

"Iko hewani!" Akamtumia dada anwani.

Nikaatamia simu kama kuku. Kitendawili cha kwanza kilikuwa hiki: Hulala kila nyumba, hajagonga mlango hata mmoja. Ujumbe ukaingia:

"Mwizi wewe! Nimekupa mji tulimozaliwa, jibu hunipi. Sichezi tena!"

Dada yangu akinuna, hununa mpaka mvua nyingine.

"Wee mtoto, umenigombanisha na dada yangu!"

"Mbona hapa inafanya kazi, Bibi?" Akabonyeza kwenye kompyuta, jibu likatoka. Akajaribu kwenye simu yangu: kimya. Akapekua vilivyofika kule juu, halafu akaangua kicheko.

"Si ulisema majibu nisimwonyeshe mtu? Niliyaweka kwenye faili la peke yake, nikaiambia kompyuta faili hilo lisitoke humu ndani. Likatii!"

"Yaani umemfungia nje hata aliyetoa mji?"

"Utii wangu huo, Bibi."

"Utii gani huo wa kuniua! Peleka upya."

Akaliondoa lile katazo, akapeleka tena. Safari hii nilimlazimisha ajaribu kwenye simu yangu kwanza. Neno likajitokeza: Giza. Ndipo nikamwandikia dada, "Bonyeza tena, acha kununa."

Nikaanza kuuma kucha.

"Giza?" akajibu mwishowe. "Jibu bovu! Giza halilali, linalaza watu. Nirudishie mji wangu."

"Nimeshahamia," nikaandika.

"Toka na mizigo yako! Na ukae tayari. Kitendawili!"

Mjukuu akachungulia begani kwangu. "Bibi, bado mnagombana?"

"Sana," nikamwambia. "Niletee chaja, kisha unipishe."

Nikatafuta herufi kwa kidole kimoja, taratibu, nikaandika: Tega.