Nyumba Isiyotazama Mubashara

Mtaani kwetu Rotherham, kaskazini mwa Uingereza, watu wakimwona mkaguzi wa leseni za televisheni huzima taa, hulala chini nyuma ya kochi na kumziba mbwa mdomo. Baba yangu, Clive Ogden, fundi wa mashine za kufulia, alikuwa akimsubiri mkaguzi huyo kama wenzake wanavyosubiri ugeni wa wakwe. Miaka sita! Gari geni likisimama nje tu, yuko dirishani anarekebisha kola.

"Atakuja," husema. "Na akija namkaribisha mpaka jikoni. Sina cha kuficha mimi."

Na kweli hakuwa nacho. Sheria yetu inasema ukitazama kitu chochote mubashara, yaani unakiona wakati uleule kinaporushwa, uwe na leseni, hata kama unatazama mtandaoni kwa simu ya kiganjani. Lakini ukijitazamia tamthilia zako zilizohifadhiwa kwenye hizi huduma za kulipia, na hugusi ile huduma ya mtandaoni ya shirika la utangazaji la taifa, leseni huhitaji. Baba aliyasoma hayo, akaisitisha leseni, akaiarifu ofisi, akatutangazia sisi, kisha akautangazia mtaa mzima ambao haukumuuliza.

Tangu hapo nyumba yetu ikawa inaishi jana. Jirani akipiga kelele za goli ukutani, Baba anaziba masikio na kuimba, ili kesho yake atazame marudio bila kujua matokeo. Mwaka mpya tunaupokea kwa saa ya oveni, ambayo inachelewa.

Tukazoea. Halafu dada yangu Kelsey akaingia fainali.

Kelsey hurusha vishale. Si vya kuwinda, vile vidogo vya kwenye ubao. Alianzia baa ya kona, akawafunga wanaume mpaka wakasema taa ya pale inamulika vibaya, na sasa alikuwa kwenye fainali ya wanawake wa Kaskazini, Jumamosi mchana, ikirushwa mubashara na huduma moja ya mtandaoni. Ukumbini alitupiga marufuku. Nusu fainali Baba alikuwa amesimama juu ya kiti akapiga kelele "Lenga, mwanangu!" na Kelsey akalenga kweli, akampata mwamuzi begani.

Baa nayo ilikuwa inaonyesha mpira na haikutaka kusikia habari ya vishale.

"Clive, nunua leseni," alisema Mama. "Ni kubonyeza simu tu."

"Janine, mimi nimeutangazia mtaa."

"Mtaa haukusikiliza!"

Aliyetuokoa ni Bibi Winifred, mama yake Baba. Alikuwa anakaa kwetu kwa sababu lifti ya jengo lake ilikufa na yeye anaishi juu kabisa. Kwake ana leseni. Na Baba, aliyezisoma kanuni kuliko alivyowahi kusoma kadi zangu za Krismasi, alijua kifungu ambacho hakuna mtu mwingine anakijua: mwenye leseni kwake anaweza kutazama mubashara kwenye nyumba ya mtu mwingine, mradi chombo kinatumia betri yake ya ndani na hakijachomekwa kwenye umeme.

"Mama ana kishikwambi," alisema, macho yanang'aa. "Atatazama Mama. Sisi tutakuwa tumekaa karibu."

"Nitawaelezea kinachoendelea," alisema Bibi.

"Si lazima, Mama. Tutakaa karibu sana."

Basi Jumamosi tukawa tumebanana kwenye kochi la watu wawili, kishikwambi kwenye mapaja ya Bibi, na nyuma yetu televisheni kubwa kama mlango imezimwa, inatutazama. Kelsey alikuwa anakwenda sawa kwa sawa na mwanamke mmoja wa Carlisle mwenye mikono kama ya mwashi. Seti ya mwisho ilipoanza, mlango ukagongwa.

Baba alichungulia. Akageuka, uso mweupe pe.

"Ni yeye."

"Nani?"

"Mkaguzi! Leo! Miaka sita, anakuja leo!"

"Usifungue," alisema Mama. "Hulazimiki."

"Nisifungue? Mimi?" Akarekebisha kola, akaenda.

Mkaguzi aliitwa Bwana Sugden, mtu mrefu aliyezoea kuzungumza na milango. Alikuwa ameshaanza hotuba yake pale kibarazani Baba alipomshika mkono. "Ingia, ingia! Vua viatu. Chai unaweka maziwa?"

"Samahani," alisema Bwana Sugden, "kuna nini?" Maskini, alidhani ni mtego.

Alipofika sebuleni akaona kichwa kando ya kichwa na kishikwambi kinapiga makofi.

"Hicho ni mubashara?"

"Mubashara kabisa!" alisema Baba. Bwana Sugden akatafuta kalamu. Baba akainua kidole. "Lakini!" Akamwaga kanuni yote, na betri, na lifti, na ghorofa ya Bibi. Bwana Sugden akainama, akachungulia chini ya kishikwambi kutafuta waya, kama daktari.

"Ni sawa," alisema. "Huyu bibi anaruhusiwa."

Nadhani siku ya harusi yake Baba hakupendeza vile. Lakini raha yenyewe haikudumu, maana kishikwambi kililia: ti-tiit.

"Nini hiyo?" aliuliza Baba.

"Chaji inaisha," nikasema.

"Inaishaje? Mama, hukukichaji?"

"Ulinikataza."

"Nilikukataza kuchomeka wakati unatazama mubashara! Ukilala unachomeka!"

"Hukusema hivyo, Clive. Ulisema, 'Mama, katika nyumba yangu usichomeke kabisa.' Nikakuheshimu. Nyumba ni yako."

"Na umekuwa unafanya nini nacho tangu asubuhi?"

"Nacheza ule mchezo wa kupanga peremende. Nimefika mbali sana."

Nikakimbilia pawabenki yangu. Bwana Sugden akatikisa kichwa, na nikamwona hata yeye ameumia. "Kanuni inasema betri ya ndani. Hiyo iko nje."

"Tukiifunga na utepe?" aliuliza Mama.

"Itakuwa betri ya nje iliyofungwa na utepe."

Tukapunguza mwanga mpaka Kelsey akawa kama mzimu. Tukazima sauti. Bwana Sugden hakuondoka. Alikuwa amepiga magoti kando ya kochi, biskuti mdomoni. Mwanamke wa Carlisle akakosa mara tatu. Kelsey akasogea mstarini. Kumaliza vishale lazima kimoja kiingie kwenye kile kiduara chembamba cha pembeni, chembamba kama huruma ya Baba. Akarusha cha kwanza, kikagusa waya wa nje. Akainua cha pili, akafumba jicho moja.

Kioo kikawa cheusi.

Ndani yake tulijiona sisi wenyewe, midomo wazi.

Baba aliitazama chaja niliyokuwa nimeiandaa mkononi. Akaitazama soketi, akamtazama Bwana Sugden. Bwana Sugden akaitazama dari, akasema polepole, kama anayezungumza na taa, "Leseni inapatikana kwa simu. Haichukui muda."

"Clive," alisema Mama. "Mwanao anarusha."

Baba akarekebisha kola. "Nunua," alinong'ona.

"Nini?" nikauliza. Nilikuwa nimesikia.

"Nunua, mjinga wewe!"

Nikaanza kubonyeza. "Wanauliza cheo. Bwana, Daktari, Askofu..."

"Weka chochote!"

Nikaweka Askofu, kilikuwa karibu na kidole. Baba mwenyewe akachomeka chaja, akaenda kubonyeza kitufe.

"Subiri!" alifoka Bwana Sugden. "Leseni haijafika!"

Simu ikalia. Imefika. Baba akabonyeza, na kishikwambi kikatuonyesha alama ya kampuni iliyokitengeneza. Tukaitazama alama hiyo, watu wazima, tumeshikana mikono na mtu wa ofisi ya leseni.

Kilipofunguka, Kelsey alikuwa amekumbatia kombe, nywele zimejaa vikaratasi vinavyometa. Mchezo umekwisha. Mrusho wenyewe hatukuuona.

Bibi akaanza kupiga kelele, Baba akamnyamazisha, maana Kelsey alikuwa ameshikiwa kipaza sauti.

"Kombe hili ni la baba yangu," alisema, anacheka huku analia. "Hanitazami sasa hivi, yeye hatazami mubashara. Atatazama kesho. Kwa hiyo watu wa mtaani kwetu, nawaomba, mtu asimwambie! Nataka kuuona uso wake."

Baba alikaa chini. Kochi lilikuwa limejaa, akakaa juu ya Bwana Sugden.

"Hakuna kumwambia," alisema hatimaye. "Mmenisikia? Sijui kitu. Hata wewe, Sugden."

"Sijawahi kufika hapa," alisema Bwana Sugden kutoka chini.

Mtaa ulitii kuliko unavyotii serikali. Jioni Baba alipotoa pipa la taka, jirani aliyekuwa nje alijiziba mdomo kwa mikono miwili, akaingia ndani mbio. Mwenye duka alimuuzia maziwa huku amempa mgongo. Kelsey alirudi amelificha kombe kwenye gari, ameununisha uso kama aliyeshindwa, akasema, "Ah, tutaona kesho." Baba akajibu, "Ndiyo, tutaona," kwa sauti ya mtu anayesomewa mashtaka.

Siku ya pili tukakaa wote mbele ya televisheni kubwa. Kelsey hakuitazama hata kidogo. Aligeuza kiti, akamkazia macho Baba. Marudio yakaanza. Mtangazaji akasalimu, wachezaji wakaitwa, Kelsey akatokea kwenye ngazi anapunga mkono, na machozi yakawa yanamdondoka Baba mpaka kidevuni.

"Baba, unalia nini? Hata kishale kimoja hakijarushwa!"

"Vitunguu," alisema Baba.

"Clive," alisema Mama, "unakula biskuti."

Baba akaigeuza ile biskuti, akaichunguza pande zote mbili.

"Za tangawizi," alisema. "Kali sana, hizi."