Mgongo wa Mheshimiwa

Mheshimiwa Seok Dong-hyeok alizika watu wote wa jimbo lake. Hakuna harusi iliyompita wala msiba alioukosa. Akifika anainama mbele ya picha ya marehemu, anakunywa supu ya moto na wafiwa, anapanda gari, anakwenda kwingine. Ndiyo siasa. Alipokufa yeye, mji mzima wa Jeonju, huko Korea, ulifurika barabarani, na binti yake wa pekee, Myeong-ok, akashinda akiwainamia watu asiowajua.

Sasa Myeong-ok ni mama wa miaka sitini na kitu. Hana mume, hana mtoto, na simu yake hulia hasa mtu akikosea namba. Kwa hiyo mwandishi wa vitabu vya watoto alipompigia, akamwambia kwamba maisha ya baba yake yanaingia kwenye ule mfululizo wa watu mashuhuri unaojaza rafu za kila nyumba yenye mtoto, na kwamba familia inaombwa isome kwanza na kusahihisha, alifurahi kupita kiasi. Alipiga deki sakafu mara mbili.

Mwandishi mwenyewe, msichana aitwaye Tak Eun-sol, alikuja na boksi la machenza. Wakaketi kwenye sakafu inayopashwa moto kwa chini, wakimenya, Myeong-ok akisoma, kalamu nyekundu mkononi. Shule siyo hiyo. Wala baba hakulala njaa utotoni. Babu alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga.

"Mwalimu, unanimaliza!" Eun-sol akacheka; alimwita hivyo kwa heshima tu. "Ukiondoa na njaa, watoto watapenda nini sasa?"

"Si wapende ukweli."

"Ukweli wenyewe haunogi bila chumvi kidogo."

"Kidogo? Wewe umemwaga kopo zima, mwanangu."

Wakacheka wote wawili. Myeong-ok alikuwa na siku nyingi hajacheka na mtu ndani ya nyumba ile.

Ndipo akafungua ukurasa wa mvua. Pale kitabuni mvua imewakuta watoto shuleni. Akina mama wamejaa getini na miavuli, wakichukua kila mmoja wake, na msichana mmoja aliyefiwa na mama amebaki peke yake chini ya upenu. Mara Mheshimiwa, aliyetoroka mkutano wa chama, anatokea mbio, anachuchumaa, anamgeuzia mgongo. "Panda, binti yangu." Mchoraji alikuwa ameuweza. Shavu la mtoto limelala kwenye koti lililolowa, na macho ameyafumba.

Myeong-ok aliweka kalamu chini.

"Huo ndio wameupenda kuliko zote," Eun-sol akasema. "Tuliwasomea darasa zima, kuna mmoja akalia kabisa. Si Mheshimiwa mwenyewe alikuwa akikisimulia kisa hiki kwenye kampeni?"

"Alikuwa akikisimulia, ndiyo."

"Kwa hiyo huo uko sawa?"

"Aliyenibeba ni dereva wake, Mjomba Bae. Baba alikuwa kwenye msiba wa mtu. Mjomba alipoona mvua akamwacha hukohuko, akaja kunichukua, na wala hakuna aliyemtuma. Baba kutoka nje, gari hakuna. Akalowa mbele ya wapiga kura wake. Jioni ileile akamfukuza kazi. Sijamwona tena Mjomba mpaka leo."

Eun-sol aliweka chenza chini. "Lo!"

"Mwandike yeye."

"Ningetamani, Mwalimu, kweli tena. Lakini mhariri wangu atanifukuza na mimi. Mzazi gani atamnunulia mtoto kitabu cha shujaa wa namna hiyo? Ama tuuache ulivyo, ama niutoe." Akaokota tena chenza lake. "Ila nikiutoa, wewe hutakuwamo tena. Kitabu kizima umo kwenye ukurasa huo tu."

Hilo Myeong-ok alikwisha kuliona. Alikuwa amejitafuta tangu ukurasa wa kwanza. Na kusema kweli, nani angeumia? Baba amekufa, Mjomba pengine naye. Watoto wa nchi nzima wangemjua kama mtoto aliyependwa na baba yake, na yeye mwenyewe, akiufungua na kuufungua ule ukurasa, huenda mwishowe angeamini. Alitamani. Lakini aliukumbuka mgongo wenyewe, mwembamba, wa mtu aliyekuwa akihema kwenye mteremko na kila baada ya hatua chache anauliza kama miguu inapata baridi. Hakuwa na kingine cha namna hiyo maishani. Hakuweza kumpa baba yake mgongo huo.

Akapiga mstari mwekundu kutoka kona hadi kona.

"Mwalimu, una hakika?"

"Kunywa chai, inapoa."

Kitabu kilitoka majira ya kuchipua, na maktaba ya watoto ikaandaa siku ya kukisoma. Myeong-ok alikwenda saluni, akavaa koti lake zuri, akakaa nyuma kabisa kwenye kiti kidogo kilichomkunja magoti. Mkutubi alisoma kwa madaha. Mahali palipokuwa na mvua, sasa Mheshimiwa alikuwa sokoni anakula supu na wauza samaki, mdomo wazi kwa kicheko. Watoto nao wakacheka.

"Hakuwa na watoto?" akauliza kijana mmoja wa mbele.

Mkutubi alipekua kurasa. "Sidhani. Humu hawamo. Nadhani taifa zima ndilo lilikuwa watoto wake."

Eun-sol, aliyeketi kando ya mkutubi, aligeuka haraka kumtazama Myeong-ok, mdomo umeshafunguka. Myeong-ok akamtikisia kichwa. Angesimama aseme nini? Angeulizwa baba alikuwaje nyumbani.

Msichana mwenye pengo, aliyekaa kiti cha jirani, alimgusa mkono. "Bibi, wewe ni mkubwa. Ulimjua?"

"Kidogo," Myeong-ok akamjibu. "Nilikuwa nikimwona kwenye televisheni."