Ubeti wa Pili

Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa moja: kila mpigaji wa okestra akifika kwenye kiti chake azikute nota zake kwenye stendi, zimefunguliwa ukurasa wa kwanza, hazina kona iliyokunjika wala doa la chai. Walimwita Mama Makaratasi, naye aliitika bila kinyongo. Chumba chake kilikuwa nyuma ya jukwaa, hakina dirisha, kimejaa makabati ya chuma yanayolia kila yakifunguliwa.

Kila mwaka, tamasha la mwisho la msimu lilifungwa kwa ule wimbo wa uzalendo ambao watu wote waliuita Wimbo wa Wazee. Zinapigwa simfonia za watu waliokufa zamani, wasikilizaji wanasinzia kwa adabu, kisha mwishoni wanaamka, wanasimama, wanapunga vibendera vya karatasi walivyopewa mlangoni na kurudi nyumbani wamefurahi. Mama Makaratasi hakuwahi kujiuliza kama wimbo ule ulistahili kuwa pale. Mtu hajiulizi kwa nini mlango una kitasa.

Ndipo akaja kondakta mpya, mwembamba, mpole wa sauti, aliyesomea muziki miaka mingi. Kikao cha kwanza tu alichukua penseli akaukata Wimbo wa Wazee kwenye ratiba, mstari mmoja ulionyooka.

"Sanaa haina bendera," aliiambia kamati.

Mwenyekiti wa kamati, ambaye siku zote alikubaliana na aliyezungumza mwisho, akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyezungumza baada ya hapo, kwa hiyo likapita.

Habari zilitoka kwa mdomo wa Mama Makaratasi mwenyewe, Jumapili mezani, wala hakukusudia. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, muuza vigae vya bafuni na mtu wa maneno, aliweka kijiko chini.

"Wameuondoa?"

"Wameuondoa."

"Wimbo wetu?"

"Shemeji, wewe tangu uzaliwe hujakanyaga ukumbi ule."

"Hilo halihusiani. Nilikuwa najua upo."

Mumewe alicheka hadi akapaliwa. Shemeji hakucheka. Jumatatu asubuhi alipiga simu redioni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. Jumanne walipiga wengine kumuunga mkono. Jumatano msomi mmoja akaandika gazetini kwamba wimbo wa uzalendo kwenye tamasha la muziki wa kina ni sawa na kuingia mezani na viatu vya shambani. Msomi mwingine akamjibu kwamba bila viatu vya shambani meza ingekuwa tupu. Kufikia Ijumaa watu walikuwa wamelivalia njuga jambo hilo, na tiketi za tamasha zilikuwa zimekwisha zote, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu Mama Makaratasi aajiriwe.

Mwenyekiti aliingia chumbani kwake anang'aa kama sufuria mpya. "Mama, unaona neema hii? Tungejua, tungekuwa tunaukataza kila mwaka."

Jioni ile shemeji alimpigia simu, safari hii kwa sauti ya chini.

"Shemeji, nina jambo. Lisitoke kwako. Siku ya tamasha tumepanga: wakimaliza hiyo simfonia yao tunasimama, tunaimba wenyewe. Sasa, ubeti wa kwanza ninao. Baada ya pale inakuwaje?"

"Kuna beti nne."

"Nne?"

"Nne. Nikuandikie?"

"Niandikie nini? Mimi nisimame mbele za watu nasoma kikaratasi? Nitaonekana sina uzalendo. Tutaurudia wa kwanza mara nne, kwani nani atajua?"

Asubuhi ya tamasha Mama Makaratasi alipanga nota za simfonia, fidla kwanza, kisha ala za kupuliza, ngoma mwisho. Alipomaliza, mikono yake ikaenda yenyewe hadi kabati la mwisho, ikatoa boksi la Wimbo wa Wazee na kuliweka juu ya meza. Alikuwa bado analitazama boksi hilo wakati kondakta alipobisha hodi kutafuta kifutio.

"Huo niliufuta, mama," alisema kondakta.

"Najua, mwalimu. Ni mazoea ya mikono tu."

Kondakta alivuta kiti akaketi. Akafungua boksi, akachomoa ukurasa mmoja, akautazama kama mtu anavyotazama picha ya shule.

"Miaka saba niliuimba huu," alisema. "Kila asubuhi, mstarini, kabla ya masomo. Nilikuwa na sauti nyembamba nzuri, basi nikafanywa kiongozi. Beti zote nne. Nikikosea neno, darasa zima linarudia. Unadhani walinipenda?"

"Kwa hiyo ndiyo sababu."

"Hapana," alisema upesi, masikio yakimwiva. "Sababu ni kwamba ni wimbo mbaya. Hapa neno linashuka, sauti inapanda. Na huu ubeti wa pili! Nchi nzima inaambiwa iamke mapema ifagie uwanja. Nani anatunga hivyo?"

Alirudisha ukurasa kwenye boksi, akaenda bila kifutio.

Saa kumi alasiri ukumbi ulifurika. Waliokuja kupigania wimbo walikaa mbele, vibendera vimefichwa ndani ya makoti, na shemeji alikuwa katikati yao, amevaa suti ya harusi yake. Walipiga makofi kila simfonia ilipopumua. Wazoefu wa viti vya nyuma wakawanyamazisha kwa midomo, wakanyamazishwa wao. Mama Makaratasi, amesimama penye pazia la pembeni, alimwona kondakta shingo ikikaza kwa kila kofi. Lakini alivumilia hadi nota ya mwisho, akageuka, akainama.

Hapo shemeji akasimama. Akapaza sauti, na watu mia tatu wakasimama naye.

Ubeti wa kwanza ulikwenda, si vizuri, lakini ulikwenda. Upande wa kushoto ulitangulia wa kulia kwa maneno mawili, na shemeji alikuwa ameanza juu mno hivi kwamba kwenye kilele waliobaki hewani walikuwa wachache. Wakafika mwisho. Ndipo shida ikaanza. Nusu wakarudi mwanzo kama walivyopanga. Nusu nyingine, waliodhani wenzao wanaujua ubeti wa pili, wakaanza kutafuna hewa. Mtu mmoja aliimba la-la-la kwa imani kubwa. Kisha kila kitu kikadidimia, na ukumbi mzima ukabaki umesimama na vibendera mkononi, unatazamana.

Mama Makaratasi alimtazama kondakta. Hii ndiyo ilikuwa nafasi yake. Angetabasamu tu na kuondoka, angekuwa ameshinda. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia mtoto akilia chumba cha pili. Mkono wake uliinuka. Akavuta pumzi, na kwa sauti ambayo haikuwa nyembamba tena, peke yake, akaimba ubeti wa pili wote: kuamka mapema, ufagio, uwanja na yote yaliyomo.

Baadaye Mama Makaratasi alipoulizwa na kamati nani alimruhusu, alijibu kwamba hakukumbuka kuomba. Alilibeba boksi, akapanda jukwaani na viatu vyake vya raba, akagawa nota stendi kwa stendi kama anayegawa sahani. Ubeti wa tatu ulipoanza, okestra nzima ilikuwa ndani. Na kwa kuwa hakuna msikilizaji aliyejua maneno ya ubeti wa tatu, wala wa nne, watu walikaa mmoja mmoja na kuusikiliza wimbo wao kwa mara ya kwanza.

"Kumbe ni mzuri," bibi mmoja wa mstari wa mbele alimwambia jirani yake, kwa mshangao.

Kesho yake shemeji alikuwa redioni, sauti imemkauka, akieleza jinsi walivyouimba wote, beti zote nne, na kondakta akalazimika kufuata. Gazeti la msomi wa kwanza liliandika kwamba kondakta amesalimu amri, la msomi wa pili kwamba ametubu. Kondakta alisoma yote mawili chumbani kwa Mama Makaratasi, akayakunja vizuri.

"Mimi nilikuwa nasahihisha sauti tu," alisema.

Mwaka uliofuata wimbo ulirudishwa rasmi, kwa kura ya kamati, bila mpingaji hata mmoja. Kwa kuwa hapakuwa na ugomvi, nusu ya viti vilibaki vitupu. Shemeji hakuja, alikuwa kwenye mkutano wa kupinga kubadilishwa kwa rangi ya stendi ya mabasi. Lakini kondakta aliufanyisha Wimbo wa Wazee mazoezi kwa wiki tatu, muda mrefu kuliko simfonia, hadi wapiga tarumbeta wakalalamika kwa mwenyekiti, naye akakubaliana nao.

"Mama," kondakta alisema asubuhi ya tamasha, ameinamia meza yake na penseli mkononi, "ukurasa wa tatu, tarumbeta ya pili. Hii nota wamekuwa wakiipiga vibaya tangu lini?"

Mama Makaratasi alivaa miwani akaangalia tarehe ya aliyenakili.

"Tangu mwanzo, mwalimu," alisema, akamnyooshea kifutio.