Saa Moja Bila Viatu

Saa tisa kamili Mama Bonge alimvua mwanawe viatu. Aliitazama saa ya ukutani, akaitazama na ya kwenye simu, zisije zikamchanganya baadaye. Nesi wa kliniki aliyasema maneno yale kama anayegongelea misumari: saa moja tu kwa siku. Saa moja ya kuoga na kuchezesha miguu, halafu inarudi ndani. Ikizidi, itaanza kuikumbuka njia yake ya zamani.

Njia hiyo ya zamani Mama Bonge aliijua. Mtoto alizaliwa nyayo zikitazamana kama watu wawili wanaosengenya. Zilipita wiki saba za plasta ngumu ya kunyoosha miguu, kila wiki inakatwa na kufungwa nyingine, mtoto analia ndani na mama analia koridoni, hadi Jumanne ya wiki hii zikatoka nyayo mbili nyoofu, ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu. Ndipo wakapewa viatu viwili vidogo vya ngozi vilivyoungwa kwa kipande cha chuma, na amri kwamba siku tatu za kwanza visivuliwe kabisa. Ijumaa ndipo waanze. Na leo ndiyo Ijumaa.

Kuvua si kazi, hata paka angevua. Kazi ni kuvalisha. Kwa sababu hiyo nesi alijirekodi kwa simu akimvalisha Bonge hatua kwa hatua, na alipoona simu ya Mama Bonge ni ile ya vitufe na tochi, akaitia ile video kwenye flashi.

"Una kompyuta nyumbani?"

"Ninayo," Mama Bonge alijibu, na shingo ikarefuka kidogo. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, mumewe dereva wa lori aliinunua mkononi mwa mtu ili mkewe apate pa kufanyia mazoezi ya darasa la jioni la kompyuta. Lakini ilikuwa yake.

Jumanne ile ile aliichomeka flashi, akamwona nesi akitokea na kusema "Mama, sikiliza," akaridhika kwamba inafunguka, akaizima. Mtoto alikuwa analia. Atatazama Ijumaa, wakati wenyewe ukifika.

Sasa wakati wenyewe ulikuwa umefika, na saa tisa na dakika kumi na nane Bonge alikuwa ameshaogeshwa, amepakwa mafuta, yuko mapajani mwa bibi yake anapiga mateke hewani kama mfungwa aliyeachiwa.

"Mume wangu leo ana raha," alisema Bibi. "Tazama miguu hiyo! Miguu ya kunikimbia kabisa hii."

Mama Bonge alicheka kwa heshima, kwa kuwa Bibi ni mama mkwe na utani wake lazima upokewe. Kisha akavuta kiti mbele ya kompyuta, akabonyeza.

Nesi akatokea. "Mama, sikiliza. Tunaanza na mguu ule uliokuwa umepinda zaidi. Unashika hivi, goti likiwa limekunjwa..." Mikono yake ikakamata kisigino cha Bonge. Dakika mbili na sekunde kumi, picha ikaanza kurukaruka. Sauti ikaendelea peke yake maneno mawili matatu, ikakatika. Mikono ya nesi ikabaki imeganda juu ya kiatu kilicho wazi.

"Amenyamaza?" Bibi aliuliza.

"Imekwama kidogo, Mama. Ninairudia."

Aliifunga, akaifungua upya. Safari hii iliganda kwenye dakika moja na nusu, hata kisigino hakijashikwa.

Alijiambia asibabaike. Akachukua daftari la darasa la jioni, lile lenye jalada gumu, akatafuta ukurasa alioupigia mstari mwekundu: video ikikwama. Funga programu nyingine zote. Akafunga. Hamisha faili kutoka kwenye flashi uliweke ndani ya kompyuta yenyewe. Akahamisha, macho kwenye mstari wa kijani unaojikokota. Jaribu programu nyingine ya kuchezea video. Akajaribu. Nesi alitokea, akasema "Mama, sikiliza," akaganda mdomo wazi sekunde ya arobaini.

Saa tisa na dakika thelathini na moja.

"Mwanangu," Bibi alisema taratibu, "kwani kiatu ni kiatu. Si tufunge tu kamba? Nimevalisha watoto sita mimi."

Walijaribu. Bibi alikaza kamba kwa mikono iliyozoea, akafunga fundo zuri. Kilionekana kimekaa. Kisha Bonge akakunja mguu mara moja tu, na kisigino kikapanda juu, kikachomoka kiatuni kama sabuni. Mama Bonge aliuona wayo ukigeuka ndani, kidogo, kidogo sana, labda alijionea tu. 

Alipiga simu ya nesi. Iliita mpaka ikachoka. Kliniki ya miguu ilikuwa Jumanne kwa Jumanne. Mumewe alikuwa barabarani kusikokuwa na mtandao. Alijiuliza ni mama gani huyu anayemvua mtoto kwanza ndipo atafute maelezo. Jumanne alishindwa nini kukaa dakika nne? Akaizima kompyuta, akaiwasha. Ilichukua umri mzima kuamka, ikivuma kama mashine ya kusaga. Akabonyeza video. Kioo kikawa cheusi. Kompyuta ikajizima yenyewe.

"Imekufa," alinong'ona.

Ilibaki namba moja tu. Mwalimu wa jioni mchana huwa dukani kwake, anatoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti.

"Mama Maswali!" alipokea kwa furaha. Jina hilo alimpa yeye mwenyewe darasani. "Leo si siku ya kipindi. Subiri kidogo... Mzee, kidevu juu, usitabasamu... Enhe, sema."

Alisema. Alisema yote kwa pumzi moja, miguu, saa, nesi, kisigino, mpaka mwalimu akamkatiza.

"Pole pole. Miguu siiwezi. Tuanze na kompyuta. Hiyo video inakwama mahali pale pale kila mara?"

"Hapana. Kwanza dakika mbili, halafu moja na nusu, halafu sekunde arobaini. Sasa imejizima kabisa."

"Ahaa." Kule mashine ya fotokopi ilikuwa inakoroma. "Faili likiwa bovu linakwama pale pale, kama shimo barabarani. Lako linakwama mapema zaidi kila unaporudia. Kompyuta imechoka. Hebu lishike lile sanduku lake kwa mkono, uniambie."

Mama Bonge alinyoosha mkono chini ya meza. Haukugusa sanduku. Uligusa nyuzi.

Sanduku la kompyuta lilikuwa limevaa nguo. Bibi aliifuma kwa mkono mwezi mzima, uzi mweupe wenye maua mekundu pembeni, na jana ndipo alipoimalizia kwa kuushonea upande wa nyuma moja kwa moja, akiacha matundu ya kupitishia nyaya tu kama ya mikono ya fulana. Vumbi, alisema Bibi, ndilo lililoiua redio ya marehemu mumewe, na hii haitakufa mbele ya macho yake. Mkwewe alimshukuru kwa mikono miwili. Nyumba nzima ilipendeza.

Aligeuza kiganja, akaweka mgongo wa mkono juu ya maua yale, vile vile anavyompima Bonge paji la uso akihisi homa.

"Mwalimu," alisema, sauti imeshuka, "inaungua."

"Kuna kitu kimeifunika?"

Mama Bonge alimtazama Bibi. Bibi alikuwa anamwimbia mtoto, ila wimbo ulikuwa umepungua, na macho yake yalikuwa kwenye ule mkono ulioko juu ya maua.

"Kuna... kitambaa."

"Kitoe! Kompyuta inapumulia mgongoni, hujaandika hiyo? Umeiziba pua. Kitoe, fungua dirisha, usiiwashe dakika kumi, ipoe. Ukiiwasha kabla, itakuzimikia tena na safari hii isiamke. Dakika kumi, Mama Maswali. Mzee, nimesema usitabasamu."

Saa tisa na dakika arobaini na mbili. Kumi za kupoa, mbili tatu za kuamka, nne za video. Ikatoka hesabu ya kukata pumzi. Na makasi yalikuwa pale pale juu ya meza, karibu na daftari.

Hakuyashika. Alisimama tu, akitafuta neno la kumwambia mtu aliyetumia macho yake mabovu mwezi mzima kwa ajili yake. Mkono wa saa haukumngoja.

"Mama," alianza, "ile nguo ya kompyuta..."

"Nimesikia. Masikio bado yangu." Bibi aliinuka, akampa mtoto. "Kumbe ni mimi ninayemnyima mume wangu viatu."

"Si hivyo, Mama, hukujua, hata mimi sik..."

"Niondolee hayo makasi. Ukikata, uzi unapotea bure."

Alipiga magoti chini ya meza, akipapasa mgongo wa sanduku kwa vidole. Mama Bonge alihesabu kimoyomoyo, akambana Bonge kifuani, miguu yake mitupu ikimgonga tumbo. Bibi alipapasa, akaguna, akapapasa. Kisha akapata ncha. Akavuta. Mshono wa jana ukafumuka, safu ya kwanza, ya pili, uzi ukikimbia krrr krrr na kujirundika sakafuni, hata mgongo wa sanduku ukabaki wazi na joto likawapiga usoni kama wamefunua sufuria.

"Maskini," alisema Bibi, akiliambia sanduku. "Ulikuwa unateseka na husemi."

Alichukua daftari la darasa la jioni, akalipepea. Jalada gumu lilifaa kwa hilo kuliko kurasa zote za ndani. Mkono ulipochoka wakabadilishana, mmoja na mtoto, mmoja na daftari.  Saa ya ukutani iliendelea kugonga.

Dakika ya hamsini na mbili alibonyeza kitufe. Kompyuta iliguna, ikavuma, mvumo ukashuka ukawa mnong'ono. Akafungua video.

"Mama, sikiliza."

Dakika moja ikapita. Moja na nusu. Mbili. Picha ikaruka mara moja, ikarudi. Mikono ya nesi iliendelea.

"Kamba ziache kwanza. Unaanza na mkanda huu wa katikati. Sukuma kisigino chini mpaka ukione kwenye kitundu cha nyuma, ndipo ukaze mkanda. Vuta mguu mbele na nyuma. Vidole vikicheza, kisigino hakijashuka. Rudia. Kamba ni mwisho."

"Mkanda kwanza!" Bibi alinong'ona. "Na mimi nikaanza na kamba."

Mama Bonge alisimamisha picha, akavalisha, akaiachia, akasimamisha tena. Bonge alipiga yowe la kuita majirani. Mguu wa kwanza: kitundu kitupu. Akalegeza, akasukuma kwa kidole gumba, jasho likimwingia jichoni. Kwenye kitundu pakatokea doa la ngozi, dogo kama punje. Akakaza. Akavuta mbele, akavuta nyuma. Vidole vitano vikatulia mahali pao.

Mguu wa pili ulikubali mara moja.

Saa ilikuwa kumi na dakika tatu. Alizitazama hizo dakika tatu kwa uchungu, kisha akaangalia zile nyayo mbili, zimefunguka nje kila moja na upande wake, hazisengenyi mtu. Akaketi sakafuni kwenye rundo la uzi. Bonge alipiga kwikwi kidogo, akapata kifua cha mama, akanyamaza.

Video ilikuwa bado inaendelea. "Na hiki chuma," nesi alikuwa anasema, "mkivike kitambaa laini, kinene. Akianza kugeuka atawagonga nacho, na atajigonga mwenyewe."

Bibi alikuwa ameshainama. Alipima chuma kwa vidole, shubiri moja na nusu, akaanza kuukunja uzi mweupe kuwa donge la kufumia. Katikati ya kazi akasita, akamtazama mkwewe kwa wasiwasi wa kweli.

"Mwanangu, niambie mapema. Hiki nacho kinapumua?"

"Hapana, Mama," alisema Mama Bonge, na kwa mara ya kwanza tangu saa tisa akacheka. "Hiki kivishe tu."