Pembe Iliyopigwa Msasa

Bibi alikuwa amefanya kazi kwenye tanuri la kuimarisha vioo mpaka kichwa kikajaa mvi, kwa hiyo aliposikia mkwewe anavyojisifu, alikiweka chini kikombe cha chai.

"Kile kioo cha ukingo wa roshani kilikataa kuingia, Mama. Nikakipiga msasa pembeni kidogo, kikaingia chenyewe!"

Mjinga mkubwa! Kioo cha aina ile huchomwa mpaka kikaribie kulegea, kisha hupulizwa upepo baridi ghafla, ngozi yake ikajikaza. Nguvu zake zote zimo katika kule kujikaza. Kikishatoka tanurini, ukingo wake hauguswi tena. Ukiukwangua, kioo kizima kitamwagika chini kama chumvi, labda papo hapo, labda siku kitakayoamua chenyewe.

Huko nje, ghorofa ya tano, mjukuu wake alikuwa amekiegemea kwa mgongo, anachekacheka.

Bibi hakuthubutu kupiga kelele. Akanyoosha mkono taratibu. "Mume wangu, hebu njoo kwa bibi yako."

"Ngoja kwanza, Bibi!" Mtoto akageuka, akainua mguu. "Baba amesema hakivunjiki hata nikikipiga teke. Tazama!"